Kengele ya Hewa ya Mkaa

Siku ya nne baada ya mazishi ya kaka yake, Namsifu alimpokea mgeni karakanani. Alikuwa afisa wa wizara, amekuja kukijaribu kifaa kabla serikali haijatoa fedha za utafiti. Kifaa chenyewe kilinusa hewa ya sumu ya mkaa na kupiga kengele. Namsifu na huyo kaka yake, Eliamani, walikihangaikia miaka mitatu.

“Pole sana, dada. Tungeweza kuahirisha.”

“Hapana. Tuendelee tu.”

Akafunga dirisha, akawasha jiko, wakasubiri. Hakuwa na hofu wala hamu. Baada ya dakika kumi na mbili kengele ililia kwa ukali, hadi bati la paa likatetemeka.

“Kinafanya kazi!” alisema afisa. “Hongereni, fedha mmepata.” Akasita. “Umepata. Sasa kizime, dada.”

Namsifu aliitazama taa nyekundu, asinyooshe mkono. Ikabidi afisa mwenyewe afungue dirisha na kuliburura jiko nje. Kengele haikunyamaza. Jirani akaja mbio mpaka mlangoni, kanga imemtoka begani.

“Nani yumo humo ndani?”

“Ni mimi,” alisema Namsifu, bila kuinuka.