Mlango Unaopima Mifupa

Sheria ilikuwa moja: mjamzito hatoki nje mpaka mifupa ya mtoto aliye tumboni itimize kipimo, na anayepima ni mlango wa nyumba yake. Mifupa ya mama haipimwi. Nyamizi alikuwa na mwezi wa pili amefungiwa ndani. Dagaa alishawatafuna na vichwa vyao, maziwa akayanywa mpaka akayakinai.

"Kula tena, mwanangu," mama yake alimsihi kutoka dirishani.

"Nimekula, mama. Sasa yeye ndiye ananila mimi."

Asubuhi hiyo jino lake la pili likang'okea kwenye uji, na mlango ukafunguka. "Hongera," ukasema kwa upole, "mtoto ametimia."

Nyamizi akainuka. Nyonga ikalia kama kijiti kikavu, akaanguka kitini. Mlango ulikaa wazi mchana kutwa.