Damu Iliyorudi

Damu ya Nelima ilirudi Jumanne, baada ya miaka minne ya ukavu, na Jumatano asubuhi akapika chapati za majirani wote wa ploti.

Elphas alipokea yake kwa mikono miwili, akaishika tu. Chapati kama hizo alishazila. Mwaka uliopita mkewe, Rosebella, alipika za kwake, akacheka akisema lile joto la usiku la kumloweshea shuka limekwisha, mizizi ya dawa imemrudishia usichana. Kufikia Pasaka walikuwa wamemzika. Daktari alisema ni saratani ya mfuko wa uzazi. Damu ikirudi kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, alisema, huo si ujana, ni ugonjwa unabisha hodi. Angekuja siku ya kwanza, pengine wangemwokoa.

"Nenda hospitali leo," Elphas alimwambia Nelima.

"Nikafanye nini? Waniandikie tena zile tembe za homoni, halafu pale dirisha la dawa waniambie kanunue nje?" Nelima alicheka. "Mizizi inanitosha. Na wewe, Baba Lenny, mwaka jana hukuwa unasema hivi."

"Mwaka jana nilikuwa mjinga."

"Basi hata leo unaweza kuwa mjinga. Kula chapati."

Hangemsikia. Lakini akisikia muuza mizizi ameshikwa, ataogopa, ataenda. Elphas hakuwa amebaki na njia nyingine. Akatembea kutoka Kiplombe mpaka mjini, akaketi kwenye benchi la ofisi ya afya, mara ya tatu mwezi huo.

Afisa wa zamu, msichana aitwaye Sylvia, aliinua kichwa. "Mzee, umerudi."

"Nimerudi. Mmemshika?"

"Ile Ijumaa ulikuja, gari letu lilitoka saa hiyo hiyo. Tulikuta mwavuli na kiti, na wamama wawili wanangoja. Yeye hakuwa."

"Miaka tatu anauza hapo kando ya barabara," Elphas alisema, sauti ikipanda. "Hakuna mtu wa serikali amesimama hata siku moja kumwuliza leseni. Wakubwa wanapita na magari, vioo juu. Hospitali hazina dawa, mashine zimekufa, halafu mnashangaa wamama wakienda kwa mwavuli. Mtu anauza kwa sababu hakuna aliyemwambia acha."

"Sasa mimi ni mkubwa gani, mzee? Hata kiti changu kina miguu tatu."

Elphas hakucheka. "Kuna mama kwa ploti yetu anatoka damu. Tangu jana. Anafurahia."

Sylvia akasukuma kando kikombe cha chai, akavuta fomu.

"Nisikilize vizuri. Bila jina, hii karatasi haitoki kwa hii meza. Ukinipa jina, polisi wanaenda leo, na redio inatangaza kabla ya saa saba. Huyo mama wenu atasikia."

"Atasikia kweli?"

"Jina likitajwa, nani hasikii?"

Elphas alitazama dirisha. Nje watu walipita na shughuli zao. Sylvia akagonga meza kwa kalamu.

"Tuanze na wewe, mlalamishi."

"Elphas Lusweti. Kiplombe."

Sylvia akaandika kwenye mstari wa juu, polepole, kwa herufi kubwa. Kisha akashuka mstari mmoja.

"Na muuzaji?"

Elphas alikohoa. "Elphas Lusweti."

"Hilo nimeshaandika, mzee. Hapa wanataka la muuzaji."

"Hilo hilo," akasema. "Andika tena."