Bega la Kushoto

Cherehani ilinong'ona, na vumbi la nyuzi likaelea kwenye mwanga wa alasiri kama vitu vya ndotoni. Binti wa fundi aliinua shati jipya mezani, akaona bega la kushoto limeshushwa kidogo. Bega lile lilikuwa la mtu mmoja tu: baba yake, aliyewaacha.

"Mama, si unasema humtaki hata kwa dawa? Mnafiki wewe!"

"Mnafiki hudanganya watu, mwanangu. Mimi simtaki, kweli kabisa. Na sitaki shati limkae upande, kweli vilevile. Sema najipinga, nitakubali."

Binti akalipapasa bega la shati. Jana alikuwa amekutana na baba yake.

"Siku hizi bega lake limeshuka zaidi."

Cherehani ikanyamaza. Mama akalivuta shati, akaanza kufumua mshono wa bega.