Mgonjwa Ndiye Mwenye Faili

Fundi Selestine alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya marehemu Nasibu, anatabasamu. Ndiyo maana hakuharakisha kutoka. Mtu aliyeitwa kutafuta ubovu hatakiwi kuonekana na uso wa sikukuu.

Hakukuwa na tone la oili. Hakukuwa na kutu. Chasisi ilikuwa imenyooka, na injini ya dizeli aliyoisikiliza muda mfupi uliopita ilinguruma bila kukohoa. Miaka ishirini ya ufundi pale Ibadakuli, na hakuwahi kukutana na gari kuukuu lililotunzwa hivi. Alilitamani liwe lake.

Kasoro moja tu: hakuja kununua. Mnunuzi alikuwa Mwalimu Scolastika, aliyesimama kando na mwavuli wake. Alimlipia fundi nauli kutoka Shinyanga mpaka huku Bugarama, amkagulie gari kabla hajagusa kiinua mgongo chake.

Selestine akatoka uvunguni na uso wa msibani.

"Mama Kudra," alimwambia mjane mwenye gari, "historia yake ya ukaguzi iko wapi?"

Mama Kudra akaleta daftari nene lenye jalada gumu. Marehemu mumewe aliandika kila kitu: oili, breki, betri, stika ya usalama barabarani ya kila mwaka, hadi siku alipobadilisha balbu ya taa ya nyuma.

"Baba Kudra hakugusa gari hili bila kuandika," alisema, amelishika kwa mikono miwili. "Na kilichoandikwa humu alikifuata. Nami nafuata hivyo hivyo."

Selestine akapekua, akaguna, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, wewe una faili hospitali?"

"Sina. Namshukuru Mungu, siumwi."

"Umeona? Mgonjwa ndiye mwenye faili. Na hili la kwako lina kurasa mia."

Mwalimu Scolastika, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na tano, akaona fundi ana akili sana.

Mama Kudra alinywea. Nyuma ya nyumba, karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu lilikuwa kimya wiki ya tatu sasa, maana mashine ya kuliendesha iliungua. Majirani walisaga mchana kutwa, yeye akabaki kusikiliza.

"Kwa hiyo injini ndiyo basi, fundi?"

"Barabarani imekwisha, mayu. Ukithubutu kusafiri nayo itakuacha porini na fisi."

"Barabarani," mjane alirudia taratibu. "Basi niandikie."

Akaandika, mstari mmoja chini ya mwandiko wa marehemu: *Injini imekufa. Haifai tena barabarani.* Akatia sahihi yenye mkia mrefu. Mwalimu alimshukuru kwa kumwokoa, akamlipa ujira wake na kumwongezea jogoo.

Wiki mbili baadaye Selestine aliuza ng'ombe wanne wa mahari ya binti yake. Mkewe, Klara, alinuna siku tatu. Akaambiwa atakunjuka uso mwenyewe siku atakapokaa kiti cha mbele. Fedha alikabidhiwa Amosi, kaka yake Klara, pamoja na masharti: asimtaje shemeji yake, asiwashe gari, asifungue boneti, asiulize swali.

"Ukiliwasha, yule mama atasikia lilivyo zima, apandishe bei," Selestine alimwelekeza. "Lipakie kwenye Fuso, kimya kimya, kama unabeba maiti. Ukaguzi nimeshaumaliza mimi."

Amosi alipiga simu kutoka Bugarama. Alilazimika kupaza sauti, maana nyuma yake kulikuwa na mngurumo mkubwa.

"Shemeji, amekubali bei yetu bila kubishana! Tena ameshukuru!"

"Afanye nini? Nani mwingine atanunua maiti?"

"Na hapa kwenye Fuso nilidhani tutahitaji watu kumi. Wanne wametosha kulipandisha!"

"Vijana wa machimboni wana nguvu hao."

"Alitaka nisome daftari kabla sijalipa. Nikamwambia hakuna haja."

Selestine alicheka mpaka akashika kiuno. "Umejibu vizuri sana. Hilo daftari nimelisoma kuliko marehemu."

Gari lilishushwa Ibadakuli mchana wa Jumamosi, mbele ya gereji. Majirani walijaa. Klara alitoka na kitenge kipya, amesamehe yote, akapanda mbele na kuufunga mlango kwa adabu. Selestine akakaa nyuma ya usukani, akafunga mkanda, akazungusha ufunguo.

Taa za dashibodi ziliwaka. Injini kimya. Akazungusha tena, kimya kile kile.

"Tufungue boneti," alisema Amosi.

"Ninyi ndio mnaoharibu magari ya watu," Selestine alimkemea. "Gari lenye historia husomwa kwanza. Hii ni betri tu, imelala muda mrefu. Ngoja niwaonyeshe ilibadilishwa lini."

Akalitoa daftari kwenye droo ya dashibodi, akasoma kwa sauti ili gereji nzima ijifunze. Alisoma oili, alisoma breki, alisoma balbu ya taa ya nyuma. Akafika ukurasa wa mwisho, akaisoma kwa madaha hata ile sahihi yake yenye mkia. Chini yake palikuwa na mwandiko mwingine, wa mviringo, na mdomo wake ulikuwa umeshashika kasi:

"Jumatatu. Injini imetolewa, kwa kuwa fundi ameandika haifai barabarani. Imefungwa kwenye karasha. Inasaga vizuri sana. Mungu ambariki fundi."