Ndani ya Silinda

Barke alimtemea mumewe mate miguuni, mbele za watu. Mzamil akaendelea kupangusa pistoni.

Tangu wenye bunduki wateremke Chovai kutoka Kismayu, hakuna aliyetoka kisiwani akasalimika. Kina Shuaibu walijaribu kukimbilia Kenya. Wakafukuzwa kwa boti ya mashine, na mashua yao ikarudi ikikokotwa, haina mtu. Sasa mashine hiyo, pekee iliyosalia kisiwani, imeharibika. Na anayeitengeneza ni nani? Mzamil huyo huyo, macho makavu, kwa bidii ya mtu anayejenga nyumba yake!

Aliagiza pistoni mpya yenye mpako wake mweusi, akawakataza wale watu hata kuigusa kwa kucha. Akawapa mpaka siri za kazi, hana haya: kwamba ukuta wa silinda umevishwa ngozi ya chuma, nyembamba na ngumu, isiyotaka msasa kabisa. Ikikwaruzwa, mashine itawaka, itakwenda vizuri tu, kisha huko mbele pistoni itakwama, na hapo basi tena.

Barke aliyasikia yote. Kaka yake Ghalib alikuwa amemnong'oneza kwamba Ijumaa, wenye bunduki wakishalewa mirungi yao, atawatorosha wanawake na watoto kwa mashua yake ya tanga. Mashine ikipona watafukuzwa, na Barke ana watoto wawili.

"Weye si mchu," alimwambia mumewe, kwani kwake hakuwa mtu tena. Mzamil akaiinamia tena mashine.

Alhamisi, Mzamil alipokwenda kuswali alasiri, silinda ilikuwa wazi, imebaki kufunikwa tu. Mlinzi aliyewekwa na wenye bunduki alikuwa akisinzia. Barke akaingiza mkono wenye msasa, akasugua mpaka vidole vikamuuma, akafuta vumbi na kupaka oili. Mumewe aliporudi, mlinzi alizinduka akaanza kumharakisha, naye akafunika bila kuchungulia. Barke alirudi nyumbani moyo mweupe, akawapikia watoto.

Ijumaa mchana mashua ya Ghalib ilisukumwa kwa upondo kutoka nyuma ya mikoko, imejaa watu. Barke alishangaa kumkuta Mzamil ndani. Akampa mgongo.

Walipofika mahali ambapo upondo haugusi tena chini, Mzamil alifunua rundo la nyavu. Chini yake ilikuwapo ile mashine. Alikuwa amewadanganya wenye bunduki kwamba anaichukua nyumbani kukaza nati. Akaifunga nyuma ya mashua, akavuta kamba, ikanguruma. Wanawake wakalia kwa furaha.

"Nilikuwa nikiwatengenezea nyinyi," alimwambia mkewe kwa upole. "Matusi yako ndiyo yaliyowafanya waniamini."

Chovai ilikuwa imeshakuwa mstari mwembamba. Barke alitazama huku na huku ndani ya mashua.

"Kaka Ghalib," akauliza, "tanga liko wapi?"

"Tumeliacha limeanikwa pwani," Ghalib akacheka, "wadhani bado tupo."