Droo ya Kesho

"Mtoto wetu mdogo akipata homa, unaanza na nini?" mke aliuliza, kadi mkononi.

Mumewe, seremala, alikuna kichwa. "Namwita jirani?"

"Jamani, baba watoto! Si jana tu nilikwambia?"

Mke alikuwa ameketi kitandani kwa ugonjwa, mito mitatu mgongoni. Miaka ishirini alifundisha chuoni jinsi ubongo unavyojifunza, na ualimu haukuwa umemtoka. Kusoma jambo mara kumi, alisema, ni kujidanganya. Linalokaa kichwani ni lile unalojilazimisha kulikumbuka. Ndiyo maana mumewe alichonga kijikabati chenye droo nne: kesho, siku tatu, wiki, mwezi. Kadi ukiipatia, inasogea droo inayofuata. Ukiikosea, inarudi kesho.

Kadi zilikuwa sitini, kila moja na swali moja kuhusu watoto. Wiki tano zilikuwa zimepita, na hamsini na nane bado zilijazana droo ya kesho.

"Nani anaogopa radi?"

"Mkubwa?"

"Wa kati! Hicho kichwa au chujio?" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. Watoto walikuwa watatu, wote wadogo, na baba yao hashiki mambo. Hofu ilimjaa hadi machozi. "Leo ulale mapema. Ubongo hupanga mambo usingizini."

"Nitajitahidi, mama watoto."

Jioni wingu zito lilitanda. Dada wa mke, aliyekuja kuwasaidia, alisimama mlangoni mwa jikoni akatazama. Seremala alimpima mdogo joto, akampa dawa kijiko kimoja, akaandika saa kwenye karatasi ukutani. Alimkumbusha mkubwa dawa yake ya pumu, akamwambia iko mfuko upi wa mkoba. Radi ilipopiga, wa kati alikuwa ameshapakatwa na baba yake, masikio yamezibwa kwa viganja vyenye harufu ya mbao.

Dada alingoja mpaka watoto walipolala. Kisha hasira zikampanda.

"Shemeji, kumbe yote unayajua! Mbona kila siku unamliza dada yangu?"

Seremala alifuta meza iliyokuwa tayari safi.

"Nikipatia, kadi zinasogea mpaka droo ya mwezi," alisema. "Na daktari amempa wiki mbili tu za kuishi."