Anayebaki na Nyumba

Dalali wetu, Bwana Mwaruwa, alituonyesha vyumba, paa, kisha mzee aliyekuwa jikoni akimenya vitunguu.

"Huyu ni Babu Kitsao. Anabaki na nyumba," alisema. "Sheria mnaijua: nyumba haiuzwi bila yule anayeijua kuliko wote."

"Na wanawe?" mume wangu aliuliza.

"Wamehamia Voi jana. Walilia, wakaondoka."

Tukainunua. Babu alikuwa mpole. Alijua mlango upi huvimba mvua ikinyesha na swichi ipi hupiga shoti. Tulimpakulia chakula kwanza, naye alishukuru kwa sauti ndogo, kama mgeni.

Mwezi uliopita alifariki. Bwana Mwaruwa alikuja kutupa pole. Alipokuwa akinywa chai aliuliza, kama mazungumzo tu, lile bomba la uani linalokwama hufunguliwaje siku hizi. Mimi na mume wangu tulitazamana. Hatukujua.

"Unaligonga kwanza kwa chini, halafu unazungusha," alisema binti yetu Dzame, mwenye miaka saba. "Babu alinifundisha. Mlango pia najua."

Bwana Mwaruwa akaweka kikombe chini, akatabasamu, akamuuliza jina lake kamili.